Nasike Amesimamishwa kwa Kuweka Mikono Nyuma

Kitale,
3 Novemba 2025

Nelima, wamemsimamisha Nasike kazi! Na aliyewasha huo moto ni Eliakim, kaka yetu wa tumbo moja.

Sasa ndiyo nikusalimie, mdogo wangu mpendwa. Hamjambo huko Voi? Presha yako imeshuka? Sisi ni wazima, mahindi tumevuna.

Si unajua mimi sijisifu ovyo. Lakini kwa watoto wote wa Misikhu, nani mwingine anafundisha chuo kuandika programu za kompyuta? Mimi niliishia darasa la saba, na nimezaa huyo.

Njia yake ni hii. Mwanafunzi akikwama, Nasike anaenda kusimama karibu naye, mikono nyuma. Hagusi kompyuta ya mtu. "Nisomee kosa lako kwa sauti." Maana kompyuta yenyewe huandika pale kwa skrini ni nini imekataa. "Ulitaka ifanye nini? Imefanya nini? Haya, jaribu." Halafu anaenda zake!

Hiyo akili aliitoa kwangu. Nilipomfundisha kushona vitambaa vya viti, niliikalia mikono yangu. Cha kwanza kilipinda kama sikio la mbwa, akalia, akafumua. Baadaye mke wa pasta akaviomba.

Basi siku ya wazazi Eliakim akaja kumwona mwanawe Hillary darasani kwa Nasike. Akakuta kijana anatoka jasho, mwalimu amesimama tu. Akainuka mbele ya watu: "Huyu ni mwalimu ama ni askari wa geti? Ati mtoto ajifunze mwenyewe! Si ningemwacha nyumbani na ng'ombe?" Wazazi wakacheka, wakapiga makofi. Nelima, huyo ni mjomba wake! Siku Nasike alipopata digrii, firigisi ya kuku, kipande cha heshima, nilimpa Eliakim kwa mkono wangu huu.

Mkuu wa chuo akaogopa wazazi. Ameleta mwalimu mwingine, anaandika kila kitu ubaoni, wanafunzi wananakili mpaka nukta. Programu ikikataa, darasa zima linamngoja yeye.

Lakini sikia. Jumamosi wanafunzi wanamfuata Nasike, wanajaa sebuleni kwangu, na Hillary ndiye wa kwanza kubisha hodi. Juzi alikwama, nikampigia kelele kutoka jikoni, "Soma kosa lako, bana!" Akasoma, kisha akaruka: "Shangazi, nimeliona!" Nasike hakuinua hata kidole. Kwa furaha ile nilimsahau baba yake kidogo. Kidogo tu.

Sasa bodi ya chuo imekubali kumsikiliza. Wanafunzi wenyewe wameomba wapewe kazi mpya ya kompyuta mbele ya wazazi, na Nasike asifungue mdomo. Wakishindwa, ndiyo basi, amefukuzwa kabisa. Sitakudanganya, naogopa.

Eliakim nimempigia simu. Nimemwambia kiti chake ni cha mbele, amtazame Hillary akikosea na akijinasua mwenyewe. Asipokuja, firigisi ya nyumba hii hataionja tena mpaka mnizike.

Msalimie shemeji Nyambu, na Mary Ann umkumbatie kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko. Uje, mdogo wangu, kitanda nimekutandikia. Ukoo wote nimeuita, tujae chuoni mpaka mlangoni: Ijumaa, tarehe 21 Novemba, saa tatu asubuhi.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Nekoye, Mama Nasike