Propela ya Marino

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mzigo wa Marino umefika. Siku ishirini na saba tangu kaka yangu afe kule Australia, na leo ndipo mzigo alioutuma kabla unaingia! Nimeuchukua uwanja wa ndege, nikaupakata kwenye boda hadi nyumbani.

Ni propela ya Landrova ya Baba, ile ya dizeli ya mwaka 1976 — bomba la kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ya zamani ni chuma kizito, na gari likishika kasi linatetemeka mpaka meno yanagongana. Hii ni ya nyuzi za kaboni. Nyeusi, inang'aa. Marino aliisuka mwenyewe kwenye karakana alikokuwa akifanya kazi. Nimeinyanyua kwa mkono mmoja.

Baba akaiangalia. Akasema huo ni mwanzi.

Miaka sita hawakusemezana. Marino aliondoka bila kumuaga.

Naandika Kiswahili changu cha shule, cha Kitale. Huku kwetu ni Kiarabu; nyumba hii hakuna mwingine anayekisoma. Afadhali.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi nimemkuta Baba kibarazani, propela mapajani. Anaifuta kwa shati lake la kanisani! Akauliza, bila kuniangalia, kama kweli mtoto alitengeneza kwa mikono yake. Nikasema ndiyo. Akauliza tena.

Tumekubaliana Ijumaa tuipeleke mtaa wa Custom, kwa Mugisha, fundi wetu Mganda. Baba anataka baada ya hapo twende na gari hadi Rejaf, kwenye kaburi la Mama. Amwambie Mama alichokifanya mwanawe. Ndivyo alivyosema.

Ijumaa, 14 Februari

Haikuingia.

Mugisha alilala chini ya gari karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa ananiangalia mimi, si Baba. "Dada, hii kitu iko refu. Sentimita tatu. Nani ilipima?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Baba akauliza kwani haikatiki? Mugisha akasema chuma anakata, anachomelea, kazi ya asubuhi moja. "Lakini hii, mzee, ukikata imekufa. Na ukilazimisha, shimo moja tu ya barabara inasukuma giaboksi mpaka inapasuka."

Baba akaiokota kutoka kwenye vumbi. Akasema, taratibu kabisa: Hata kwenye kitu cha mwisho, huyu mtoto hakupima.

Mugisha akarudisha ile ya zamani, tukaondoka. Kule Bilpam askari wa kizuizi alimsalimia Baba. Nikajibu mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Nilipima mimi.

Mwaka jana, Oktoba. Gari lilikuwa juu ya jeki, magurudumu ya nyuma yananing'inia. Likiwa hivyo, nafasi ya propela inakuwa ndefu. Marino alilijua hilo. Aliniuliza kwa simu: Tisa, dada yangu, umepima gari likiwa limekaa chini? Jua lilikuwa kali, mgongo unaniuma, jeki ishapelekwa kwa wenyewe, sikutaka kutambaa tena chini ya gari. Nikamwambia ndiyo.

Ndiyo! Neno moja tu.

Na yeye akaniamini, akakaa akisuka.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia Baba. Siku tano nimezunguka nalo kama mtu mwenye jino bovu. Nimemkuta akilisha kuku, nikasema yote — jeki, simu, ndiyo yangu.

Aliendelea kumwaga mtama. Kisha akauliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna, ila nadhani Mugisha ameelewa.

"Khalas," akasema. "Basi liishie hapa."

Nikasema, Baba, Marino hakukosea. Alikutengenezea vizuri. Kosa ni langu.

Akanigeukia. Sijawahi kuona uso ule, hata Mama alipokufa. Akasema: Unataka nifanye nini na hilo sasa? Nimpigie simu?

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili, 23 Februari

Sala ya arobaini. Uani kumejaa. Akina mama wa kanisa, majirani, watu niliowasahau. Mugisha amekuja pia, amevaa koti, amekaa nyuma kabisa.

Mimi niko jikoni na chai. Naandika juu ya gunia la sukari.

Katekista Fortunato amemaliza kusoma. Amemwomba Baba aseme neno juu ya mwanawe. Baba amesimama. Namsikia vizuri kutoka hapa. Anasema Marino alikuwa mtoto wa haraka. Aliondoka haraka, bila kuaga. Alifanya mambo bila kupima. Hata zawadi yake —

Watu wanaguna kwa huruma. Maalesh, mzee, maalesh, pole.

Sasa ananiita. Anataka niilete ile propela watu waione.

Kupitia dirishani namwona Mugisha. Ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake.

Baba ameita mara ya pili. Nimesema nakuja.