Baba, Ungetoka Barabarani

Mpendwa Baba,

Nimekasirika, na safari hii nakuandikia wewe mwenyewe. Huu ni msimu wa nne wa pamba tangu tukuzike kijijini Nkoma. Misimu yote hiyo nimewalaumu madereva, nimewalaumu wanunuzi, nimemlaumu na aliyeruhusu kila mwenye lori aje kujichukulia pamba yetu. Wewe nilikuwa nakuacha kwa sababu umekufa. Leo sikuachi.

Unalikumbuka lori la ushirika? Lilikuwa moja tu, na lilikuja lilipojisikia. Dereva wake, yule mzee mwenye kofia ya sufu, akikukuta barabarani unasalimiana na mtu, alikuwa anasimama, anazima injini na kushuka kabisa. "Mwadila!" anasema, naye anaingia kwenye salamu: watoto, ng'ombe, mvua ya huko kwenu. Mkimaliza ndipo mnasogea, naye anawasha gari.

Ulinifundisha hapo hapo. Nikiwa kwenye baiskeli nikakutana na mkubwa, nishuke, nipige goti, na akiwa anasalimia nisimkatize hata kidogo. Siku moja nilimkatiza shangazi kumwambia kuwa ndama ameingia kwenye mahindi yake. Mahindi yaliliwa na bado nikachapwa. Niliona sawa tu, ndivyo tulivyolelewa.

Kisha likaja soko huria, na makampuni yakaja na malori ambayo hatukujua yanatoka wapi. Aliyefika kijijini wa kwanza ndiye aliyenunua, na dereva alilipwa kwa tripu. Walikimbizana! Waligonga mbuzi, waligonga kuku, waling'oa uzio wa watu. Huku Bariadi mjini ndiyo usiseme: malori, pikapu, mikokoteni ya ng'ombe, baiskeli zenye abiria nyuma, wote katikati ya barabara moja na kila mmoja anaamini njia ni yake. Mimi niliyeolewa Somanda, hapa mjini, nilijifunza kuvuka kwa masikio kabla ya macho. Nikaja kukuonya. Uliniambia nini?

"Barabara hii tuliichimba sisi kwa majembe. Gari lina dereva, na dereva ana macho. Atasubiri."

Ulicheka, nami nikacheka.

Siku ile nilikuja kukutembelea, Minza wangu wa miaka minne nimemkalisha kwenye keria. Ulikuwa unatoka shambani. Nikashuka, nikaegesha baiskeli ukingoni, nikamshusha Minza kwenye nyasi na kukufuata ulipokuwa umesimama, katikati ya barabara kama kawaida yako. Nikapiga goti.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu, mama yangu. Mhola, kwema? Mkwe wangu hajambo?"

Lori la kwanza likaja na honi. Tuliruka pembeni sote wawili, likapita bila hata kupunguza mwendo. Vumbi likatanda mpaka sikumwona Minza kwenye nyasi. Ukatukana, Baba, matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwako. Halafu ukafanya kile ambacho mpaka leo kinanichoma: ulirudi katikati ya barabara, ndani ya lile vumbi, ukajipangusa shati na kusimama pale pale.

"Hawatanifukuza kwenye njia yangu," ulisema. "Haya, endelea. Ulikuwa unaniambia habari za mumeo."

Nilisikia la pili. Nalisema wazi, sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Nilisikia injini ndani ya vumbi, ya lile lililokuwa linalikimbiza la kwanza. Lakini ulikuwa bado unaongea, unauliza kama mama mkwe amepona miguu. Nami nikasubiri umalize. Nilisubiri baba yangu amalize sentensi!

Likakugonga hapo katikati, mimi nikiwa bado pembeni. Dereva hakusimama. Alikwenda moja kwa moja gulioni kununua, na majirani zetu, wale wale waliokuja kulia msibani, wakampimia pamba jioni ile kwa sababu aliwahi. Nimewachukia. Nimejichukia zaidi, na nimekuchukia na wewe kwa kiburi chako. Ulishindana na lori, Baba. Lori halina aibu wala halijui wewe ni mzee wa nani.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Minza ana miaka minane. Nimemfundisha jambo moja kuliko yote: barabarani hakuna salamu. Mtu asogee kwanza, aamkiwe baadaye. Juzi baba mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, alikuja mjini kutoka Nkoma. Akamwona Minza ng'ambo ya barabara, akasimama katikati akimngoja apige goti. Pikapu ilikuwa inakuja. Mtoto akapiga kelele, watu wote wa dukani wakasikia:

"Babu, toka barabarani! Toka!"

Mzee aliruka. Pikapu ikapita pale aliposimama.

Unadhani alishukuru? Alikuja mpaka nyumbani kunigombeza. "Mtoto amenifokea kama mbwa, mbele za watu. Umelea nini wewe?" Mama naye katuma maneno kutoka kijijini: nimchape Minza, kisha nimpeleke Nkoma akapige magoti na kuomba radhi, la sivyo baba mdogo hatakanyaga kwangu tena. Mume wangu ananiambia nikubali yaishe. Minza mwenyewe ananiuliza kama amekosea.

Nimemwambia hajakosea. Simchapi. Haendi kuomba radhi. Nitakwenda mimi, nitampigia baba mdogo goti nyumbani kwake, akiwa kwenye kiti chake, na nitamwambia kuwa nilisikia lile lori la pili nikanyamaza. Baada ya hapo achague mwenyewe.

Asipokanyaga kwangu, basi. Atakuwa Nkoma, yuko hai, amenuna, anakula ugali wake, ananisema vibaya kwa kila apitaye. Ningekufokea siku ile, Baba, nawe ungeninunia hivyo hivyo, pengine miaka yote hii minne. Ningekuja kila Jumapili kukaa mlangoni kwako usinijibu, na ningerudi nyumbani kila Jumapili nikishukuru.

Pumzika huko uliko. Bado nina hasira na wewe.

Ni mimi binti yako,
Mama Minza, Somanda