Duara la Shabani

Jumatatu, 14 Julai
Nimechelewa kufungua stationery. Kadi za harusi mpaka saa saba, macho yanauma. Kisha nimerudi kwenye mti wa ukoo wetu. Majina arobaini na moja, kila moja na duara lake. Ni mchoro wa vekta, hata ukiukuza ujae ukuta mzima hauchujuki. Ukibonyeza duara, picha inasogea hapo na sauti ya Baba inaeleza huyo ni nani. Ndiyo mpango. Jumanne ijayo anapasuliwa koo, saratani. Daktari hakuficha: hatasema tena.

Jumatano, 16 Julai
Tumerekodi kwa simu yangu nyumbani, Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Kazi kwelikweli. Chini kuna muuza soksi, kipaza sauti chake kinaimba bei ya mia tano, jero jero jero, toka asubuhi. Nimefunga madirisha, tumetoka jasho wote wawili. Majina kumi na mawili. Habari za bibi yake wa Kilwa zilimchekesha, akakohoa, damu kidogo. Naogopa.

Alhamisi, 17 Julai
Dukani nimefungua wasilisho. Picha zinasogea vizuri, sauti hakuna. Kosa langu, na la aibu kwa mtu wa kazi hii: sauti hazimo ndani ya mchoro, zinakaa kwenye folda pembeni, na mimi nilihamisha mchoro peke yake. Nimerekebisha. Nimelia pia, maana nimeona nyumba yetu itakavyokuwa.

Jumamosi, 19 Julai
Majina arobaini yamekwisha. Limebaki la kaka yangu Shabani. Baba aliliruka, nikadhani amechoka. Nikarudisha duara, akageukia dirishani. Miaka sita hajalitamka jina hilo. Alimwambia asikanyage tena nyumbani, Shabani akatii, akafia Mtwara. Nilimwambia Baba ataje jina tu, basi. Akasema, "Zima hiyo simu, Mwanaidi."
Nimemkasirikia mgonjwa. Mungu anisamehe.

Jumapili, 20 Julai
Nimemwomba tena, mara mbili. Hataki.

Jumatatu, 21 Julai
Tumempeleka hospitali. Simu mkononi njia nzima, labda atasema. Mlangoni mwa wodi akaniambia, "Nenda ukale, usishinde njaa." Basi. Hayo ndiyo ya mwisho, na sikuwa narekodi.

Jumanne, 22 Julai
Ametoka salama. Ana tundu shingoni. Nashukuru. Hasira bado ninayo.

Jumapili, 3 Agosti
Baba yuko nyumbani siku ya nne. Leo nimemwekea kompyuta kitandani. Amejisikiliza akieleza majina yote arobaini, macho amefumba. Tulipofika kwa Shabani nilitaka kufunga. Akanishika mkono, akaonyesha simu, akaonyesha uso wake. Nikawasha video.
Akafungua mdomo. Sha-ba-ni. Hewa tu ikatoka shingoni. Akarudia mara tatu, polepole. Kisha akaendelea, maneno mengi, machozi yanamtiririka, na mimi nimeshika simu kwa mikono miwili isitikisike. Daftari analoandikia siku hizi akitaka kusema kitu lilikuwa pale pale kando ya mto, hakuligusa. Kwenye midomo yake nilisoma maneno mawili tu: mwanangu, na rudi.
Nimeiweka video kwenye duara la Shabani. Sikukata hata sekunde moja. Baba amelala, nami nimekaa karibu yake nasikiliza anavyopumua.