Salamu za Taa

Kaka Mwadime,

Leo nimekukumbuka, tena kwa kukulaani kidogo. Kidude chako cha kunusa rada ni marufuku huku Ujerumani, kwa hivyo kimelala sandukuni ndani ya soksi. Nikabaki na ule ujanja ulionifunza barabara ya Voi. Nilipopita polisi wa kamera, nikamwashia taa mwenye pikipiki aliyekuwa akija, apunguze mwendo. Kumbe naye ni polisi! Akanisimamisha, akauliza taa ni ya nini. Nikamwambia kwetu ni salamu. Akanifuata kijiji kizima, kilomita thelathini kwa saa, nyanya mmoja akitupita na baiskeli. Tulipoachana, nikamwona kwenye kioo akiniwashia taa mara mbili.

Basi waambie watu wa Bura wamesalimiwa.

Dadako Mkawasi