Kovu Alilokataa Mama Lifutwe

Studio, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko? Shemeji hajambo? Na huyo mgeni wetu mdogo, anawaacha mlale au ndiyo kwanza anaanza fujo? Sisi huku wazima. Mimi ni yuleyule, macho mekundu kwa kukodolea kompyuta, nikiwafutia watu chunusi. Juzi nimemsafisha uso bwana harusi mmoja hadi mama yake mzazi akauliza huyu ni nani.

Habari kubwa ni kwamba pasipoti ya mama imetoka. Mama anakuja! Lakini usidhani ilikuwa rahisi.

Alikuja mwenyewe studio kupiga picha ya maombi, kavaa ile blauzi ya kijani uliyomtumia. Nilipoifungua picha kwenye kompyuta, akavuta kiti, akaanza kuniamuru. Futa hapa. Na hapa chini ya macho. Na haya ya shingoni, yametoka wapi haya? Nikamwambia picha ya pasipoti haisafishwi. Akanitazama kwa lile jicho unalolijua.

"Wageni unawasafisha, mama yako ndiye anakushinda?"

Ningefanyaje? Nikafuta.

Nilipofika juu ya jicho la kushoto, penye lile kovu la kijiko ulichomrushia ulipokuwa mdogo ukikataa dawa, akanishika mkono. "Hilo liache. Hilo la dada yako." Akaligusa kwa kidole pale kwenye kioo cha kompyuta. Nikaliacha.

Basi tukaenda ofisi ya pasipoti. Dada wa pale ofisini akaitazama picha, akamtazama mama. "Mama, mbona umeleta picha ya binti yako?" Wee! Mama alifurahi mpaka nikaona haya mimi. Alikuwa tayari kurudi nyumbani na ushindi wake, pasipoti baadaye. Yule dada akacheka, akasema anachokitambua hapo ni kovu tu, tukalete picha ambayo haijaguswa.

Njiani ndipo mama alipoacha utani. Tangu augue mwaka juzi amekwisha, Dada, na mwenyewe anajijua. Ndiyo maana mkiongea kwa video unaona dari na kipande cha paji la uso. Anaogopa utamwona uwanja wa ndege uanze kujilaumu kwamba hukuwepo. "Nataka anione mimi, asiuone ugonjwa," aliniambia. Nikamshika mkono tu tukavuka barabara.

Picha ya pili niliipiga siku hiyohiyo. Vidole viliniwasha, nakwambia! Kazi yangu ni kuvuta uso wa mtu karibu mpaka nione vinyweleo, lakini wa mama nilikuwa sijawahi kuutazama hivyo, kwa kuutazama tu. Nilikaa nao kitambo. Nampenda sana yule mama. Sikugusa hata mkunjo mmoja.

Nakala yake nimeitia humu kwenye bahasha. Ile iliyosafishwa usiiulize, bosi ameitundika dirishani na wateja wanataka kujua huyu mama anapaka nini. Hii itazame ukiwa peke yako. Kama ni kulia, lia hukohuko umalize, ili siku ya kumpokea umpokee kwa kicheko. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, na anatembea polepole kuliko unavyomkumbuka. Ukibabaika pale kwenye umati, angalia juu ya jicho la kushoto.

Shangazi wa duka la vitambaa anakusalimu sana, na jirani yetu Mzee Redio, ambaye bado hajapunguza sauti. Msalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba ya mjomba wake. Mungu awatunze, awape na usingizi.

Mama yuko hapa nyuma yangu anasoma kila neno, anasonya. Nilitaka kumalizia kwa kukwambia ufiche vijiko kabla hajafika, mtoto asije akarithi mkono wako. Amekataa. Anasema niandike hivi: vijiko viacheni palepale, juu ya jicho la kulia nafasi bado ipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na madoa yako yote,
Kitindamimba