Niliyoyaona Ng'ambo ya Ziwa kwa Darubini

Mama, shikamoo.

Shikamoo na ya siku zote ambazo sikupiga simu. Mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko juu? Maharage mmeshavuna, au bado mnangoja yakauke? Mimi ni mzima, nakula vizuri, hata sketi ya shule niliyokuja nayo sasa haifungi kiunoni. Wifi Regina, najua ni wewe unayesoma. Msomee Mama polepole, na akisema inatosha, mwombe asikilize mpaka mwisho.

Nimeambiwa, Mama, kwamba umemtuma kaka Qamara aje kunichukua, kwa sababu watu waliotoka mnadani wamekuambia nimeingia kwenye ugomvi wa Wabarbaig, hawa wafugaji ambao huko mnawaita Wamang'ati. Ni kweli nimeingia. Lakini naomba kaka asipande gari kabla hujayasikia kwangu mwenyewe.

Mlijua nimekuja hapa Basotu kufua mashuka ya hoteli. Mashuka nafua mchana. Asubuhi namfuata kaka Elibariki, anayewaongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege, nambebea darubini kubwa ya miguu mitatu. Hatutoki nje ya uzio. Tunasimama kwenye majani ya hoteli pale ukingoni mwa ziwa, na ndege wanakuja wenyewe. Usidhani ni kazi ya kutuliza moyo. Ndege wa ziwani ni wauaji. Kuna mdiria, mdogo kama ngumi, wa bluu, mzuri sana. Akimpata samaki anamgonga kichwa kwenye tawi, upande huu na upande huu, mpaka alegee, ndipo ammeze. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, nimemwona akimla bata aliye hai, akianzia kifuani, na bata bado anapiga mabawa. Wageni wananong'ona kwamba ni vizuri. Mwanzoni nilikuwa nafumba macho. Kaka Elibariki akaniambia, "Paskalina, ukifumba macho utakuwa umekuja kubeba chuma tu." Nikazoea.

Asubuhi hiyo tulikuwa na mzee mmoja Mzungu na mke wake. Furukombe wawili walikuwa wananyang'anyana samaki juu ya maji, wameshikana kucha, wanazunguka kama wanaanguka. Wageni walitumia darubini zao ndogo, mimi nikaachiwa ile kubwa. Niliwafuata ndege mpaka wakapotea nyuma ya matete ya ng'ambo, na hapo kwenye matete nikaona watu.

Alikuwa mwanaume na mke wake. Mke nilimfahamu, anaitwa Udameja. Kabla hajajifungua alikuwa akileta maziwa jikoni kwetu, na ndiye pekee aliyekuwa akinisalimia kwa jina. Jina la mume sitaliandika. Mume alikuwa anaswaga ng'ombe mmoja mwekundu, na Udameja amemshika yule ng'ombe pembe, hataki aondoke. Baadaye nilikuja kujua kwamba ng'ombe huyo alipewa na baba yake siku ya kuolewa, na kwao ng'ombe wa namna hiyo mume hana ruhusa ya kumuuza.

Mume alimpiga fimbo ya mgongo. Mama, kwenye darubini mtu yuko karibu kama wewe na Wifi hapo mlipo, lakini sauti iko mbali. Fimbo inashuka kimya. Halafu, mkono ukishanyanyuka tena, ndipo inafika sauti ndogo, kama mtu anapasua kuni nyuma ya nyumba. Alimpiga mgongo, akampiga mikono mpaka akaiachia pembe, akampiga akiwa chini. Fimbo ilipokatika alitumia miguu. Kisha akamshika nywele akamvuta kwenye matete, akamwingiza kichwa majini. Matete yakawaficha, nikawa naona tu yanavyotikisika.

Nilitaka kupiga kelele. Unanijua mimi, hata darasani nilikuwa nanyoosha kidole chini ya dawati. Sauti haikutoka. Nilivuta shati la kaka Elibariki, akadhani nimeona ndege mgeni, akasema, "Subiri, subiri." Nikavuta mpaka kifungo kikatoka. Alipoweka jicho kwenye darubini mume alikuwa ameshatoka kwenye matete, anaondoka na ng'ombe wake bila haraka. Elibariki aliona mgongo wa mtu na shuka tu. Alikimbia kuzunguka ziwa. Alimkuta Udameja amelala nusu majini, taya limevunjika, limekaa upande, jicho moja halionekani.

Walimpeleka hospitali Katesh. Mtoto wake mchanga alibaki kwa mama mkwe.

Sasa sikiliza shida ilipokuwa. Udameja hawezi kusema, meno yake yamefungwa kwa waya. Mume aliwaambia polisi kwamba ng'ombe alimkanyaga, na ndugu zake wakasema hivyo hivyo. Wakamwachia aende nyumbani. Kama hakuna aliyeona, Udameja akipona anarudi kwenye nyumba ile ile na kwa mtu yule yule. Na aliyeona nilikuwa mimi peke yangu.

Meneja aliniita ofisini. Alisema, "Wewe umeajiriwa kusaidia watu wanaoangalia ndege. Uliona nini?"

Nikasema niliona mtu.

"Uliona ndege," akasema. "Hawa Wamang'ati wakiingiza ng'ombe wao kwenye bustani yangu, nani atawatoa? Wewe? Uliona ndege. Rudi kwenye mashuka."

Nilirudi kwenye mashuka. Mpishi wetu, mama Safi, ambaye yeye mwenyewe ni Mbarbaig, alinikuta nalia kwenye karo la kufulia. Sikumwambia mengi. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ulimwona kwa macho yako akimpiga mwanamke aliyejifungua?" Nikaitika kwa kichwa. Akavua aproni.

Kwao, Mama, mwanamke aliyejifungua anakaa ndani miezi, na hakuna wa kumnyooshea fimbo; Udameja alitoka tu kumfuata ng'ombe wake. Anayempiga huyo amewapiga wanawake wote. Na kesi hiyo hawaisikilizi wanaume. Wanawake wanaitana wenyewe, wanakaa malishoni, na mwanaume akikatisha hapo naye ana kosa.

Walikuja wengi, wengine wametembea toka Hirbadaw, wamevaa zile sketi zao za ngozi, kila mmoja na fimbo. Walikaa ng'ambo ya ziwa, karibu na yale matete. Mama Safi alinipeleka katikati yao na kukaa pembeni yangu kunitafsiria. Aliyeongoza alikuwa bibi mmoja mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Nilimwamkia. Aliitika, akasema niseme.

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Huyu mtoto wa Kimbulu ameacha ulimi Mbulu?" mmoja akasema, wakacheka.

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa hotelini, nikaona. Wakaacha kucheka. Bibi akageuka kutazama hoteli ilivyo mbali, akatazama matete.

"Toka kule?" akauliza. "Mimi toka kule simtambui ng'ombe wangu. Wewe macho yako ni ya tai? Mwanaume yule ana ndugu. Wakituuliza huyu aliona na nini, tuwajibu nini?"

Mama Safi akaeleza darubini. Hawakuielewa, au hawakuiamini. Basi wakasimama wote, wakaja.

Mlinzi alipowaona wanakuja na fimbo alifungua geti na kwenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Meneja alitoka akisema hapa ni mahali pa wageni. Bibi alimpita tu kama mtu anavyopita nguzo, na wengine wote wakampita, majani ya hoteli yakajaa wanawake. Wageni walikuwa wanakunywa chai. Yule mzee Mzungu alisimama, akawapisha kiti chake.

Bibi alimtuma mwanamke mmoja azunguke mpaka kwenye matete, afanye anachotaka, nami niseme anafanya nini. Wenye macho mazuri walimwona kama nukta tu. Niliweka jicho kwenye darubini.

"Ameweka fimbo chini," nikasema. "Ameokota jiwe, mkono wa kushoto. Amelitupa majini." Mama Safi alikuwa anatafsiri nyuma yangu. "Amekaa. Ametoa kitu kifuani. Ananusa. Anapiga chafya. Anajifuta kwa... kwa kiganja, halafu kwenye majani."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. "Ndiye," akasema mmoja. "Hata umtume kwa Mungu atakaa kwanza anuse ugoro."

Bibi naye akainama kwenye darubini. Alikaa hapo muda. Alinyoosha mkono mbele kama anataka kumshika yule mwanamke. Aliponyanyuka hakuwa anacheka tena. Akanipa fimbo yake.

"Usiniambie," akasema. "Nionyeshe alivyompiga."

Mama, nilipiga yale majani ya hoteli. Pigo la kwanza lilikuwa la aibu, bibi akatikisa kichwa. La pili nikaona ule mkono wa mume unavyonyanyuka, nikanyanyua hivyo hivyo. Nilipiga mgongo, nikapiga mikono, nikapiga akiwa chini. Udongo ulirukia vikombe vya wageni. Nilikuwa nasema kila pigo lilipoangukia, na sauti ilikuwa yangu, ila sijawahi kuisikia ikitoka kwangu. Fimbo ilipokatika nilitumia mguu. Mama Safi ndiye aliyenishika kiuno.

Kisha wanawake wakaanza kuimba, wakatoka kwenda nyumbani kwa yule mwanaume.

Hukumu ilikuwa alipe dume jeusi la ng'ombe. Alikataa kutoa. Wanawake wakakaa mlangoni pa boma lake, wanapiga ardhi kwa fimbo na kumwambia atakavyobaki bila mtoto wala ndama, na hakuna mke wa mtu yeyote aliyekwenda kupika siku hizo. Mwishowe ndugu zake wenyewe wakalitoa lile dume, na mtoto mchanga pia, na wakaenda kumrudisha yule ng'ombe mwekundu kutoka kwa aliyemnunua. Dume waliliua wanawake kwa fimbo zao. Sikutaka kuangalia lakini nilikuwa nimesimama mbele. Halikufa haraka. Lilipiga magoti, likanyanyuka, likapiga magoti tena, damu ikalitoka puani, na wao hawakuacha kuimba. Mume alikuwa ndani. Aliyasikia yote.

Mtoto alipelekwa kwa baba yake Udameja. Mimi nilidhani yamekwisha. Lakini kesho yake ndugu mmoja wa yule mume alisimama kwenye uzio wakati naanika mashuka, akasema, "Dume limelipwa. Polisi ukae kimya. Tunajua gari unalopanda kwenda kwenu." Hiyo ndiyo habari mliyoisikia mnadani.

Nilikwenda Katesh na mama Safi kumwona Udameja. Anakunywa uji kwa mrija. Alinionyesha kwa kidole: sema. Nikamsimulia yote, pole pole, kama ninavyokuandikia. Nilipofika kwenye matete na maji, nikamwambia hapo sikuona, mliingia ndani. Akanyanyua mkono kunikatiza. Akaweka vidole vyake viwili vya mkono wa kulia kwenye meno yake, juu ya zile waya, akabonyeza. Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nikaelewa: kule majini alimng'ata mume vidole. Ndiyo maana alimvunja taya, ili aachie.

Tulitoka hapo tukaenda moja kwa moja polisi, nikaandikisha niliyoyaona na niliyoonyeshwa. Mume akaitwa tena. Alikuja na ndugu zake wawili, mmoja ni yule wa kwenye uzio. Mimi nilikuwa kwenye benchi, naangalia miguu yangu. Askari alimwambia atoe mkono wa kulia kwenye shuka. Vidole viwili vilikuwa na makovu mapya, mstari juu na mstari chini.

"Hii ni nini?" askari akauliza.

"Ng'ombe," akasema. "Aliniuma nilipokuwa namtoa juu ya mke wangu."

Mama, hata mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya ng'ombe wawili tu najua. Kila mtoto wa kwetu aliyempa ndama kidole anyonye anajua kwamba mbele, juu, hakuna meno, kuna ufizi tu. Nafikiri alisema kwa hofu, neno likamtoka.

Askari aliweka kalamu mezani. Akasema, "Mimi nilichunga kabla sijavaa hizi nguo. Ng'ombe wenu ninyi wana meno ya juu?"

Askari akawauliza ndugu zake. Yule wa kwenye uzio alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, akavuta shuka yake vizuri begani, akatoka nje. Wa pili akamfuata. Mume akabaki amesimama na ule mkono mbele, na bado yuko ndani mpaka leo ninapoandika.

Kwa hiyo Mama, kaka Qamara abaki na kazi za shamba. Mahakamani nitaitwa, na nitakwenda na mama Safi. Meneja hanisemeshi, lakini mashuka bado ananipa.

Nisalimie Baba, mwambie shikamoo yangu ni ya mikono miwili. Msalimie shangazi wa kanisani, na babu wa jirani anayetuazima jembe la ng'ombe. Wifi, asante kwa kusoma, pole kwa koo.

Mwanao ninayekupenda,
Paskalina