X ya Adila

Mapinga, 3 Februari 2024

Mwanangu Naila,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, hofu ni kwako na baridi hiyo ya Uholanzi. Unakula? Usinidanganye, kwenye picha shingo imekuwa ya kuku.

Watu wa barabara wamepita, wametuwekea X nyekundu kwenye ukuta wa jiko. Litavunjwa. Mimi nalia, mdogo wako anacheka mpaka anakaa chini! Si unamjua Adila, miaka tisa hana neno hata moja, ana kicheko tu na hicho kifafa. Jumanne kilimshika tena. Jirani yetu Mgeni anasema ni jini. Nikamwambia, jini gani huyo mchangamfu hivi?

Shoga zangu ninaoshona nao kofia wananiuliza mwanao anasomea nini huko, nabaki kutoa macho. Nieleze kwa Kiswahili cha nyumbani.

Adila kaninyang'anya kalamu akaiga ile X ya ukutani. Hiyo hapo chini, imepinda kama kaa aliyekanyagwa. Mgeni atapiga picha karatasi hii akutumie.

Mama yako, Mwanajuma
na Adila: X


Uholanzi, 11 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninakula, wallahi. X ya Adila nimeichapisha, nimeibandika juu ya kitanda.

Na hiyo X ndiyo kazi yangu. Kwenye ubongo, seli moja ya neva huongea na mwenzake kama jirani anayepiga hodi. Anayepigiwa ana milango yake, sisi tunaiita vipokezi. Sasa kuna protini ambayo kazi yake ni kung'oa milango. Ni kazi ya lazima, lakini ikizidi ni balaa. Basi kuna kimeng'enya, huyo ndiye fundi rangi, kama aliyepiga X jiko lenu: mng'oaji akizidi, fundi anampiga X, naye anaondolewa, milango inabaki mahali pake.

Adila alizaliwa bila huyo fundi rangi. Ndivyo tunavyodhani, ingawa wengine hapa wanabisha. Milango yake inang'olewa ovyo. Hodi inapigwa humo kichwani, hakuna pa kuitikia "karibu". Si jini, Mama. Na si kosa lako.

Namtafutia fundi rangi wake.

Mwanao, Naila


Mapinga, 20 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumefunga salama, Idi tumekula, pengo lilikuwa lako tu.

Barua yako nimewasomea shoga zangu wote, na Mgeni kaacha habari za jini. Jamani, kumbe hodi anapigiwa ila milango ndiyo hana! Basi kila asubuhi nampiga kidole kwenye paji la uso: hodi! Nangoja. Hodi! Yeye anacheka. Jana, Naila, akasema "ka". Siapi, huenda alikuwa anakohoa. Lakini nililia mpaka nikachoma maandazi.

Hiyo dawa ni lini? Ukimaliza mtihani mwezi wa tisa utakuja nayo?

Mama yako
na Adila: X


Uholanzi, 22 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Barua yako nimeisomea maabara, ikabidi nitoke nje.

Hakuna dawa ya kuja nayo, Mama. Ninachofanya ni kwa panya, na hata hao bado. Itachukua miaka. Niliogopa kukukatisha tamaa.

Niache masomo nirudi tumlee wote? Sema neno tu.

Mwanao, Naila


Mapinga, 30 Juni 2024

Mwanangu Naila,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo. Usirudi. Maliza mtihani wako kwanza. Jiko limeshavunjwa. Mvua zimekatika. Adila anakusalimu.

Mama yako
na Adila: X


Uholanzi, 2 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. X hii imenyooka.

Adila mkono hutetemeka hata akishika kijiko. Nimeiweka kando ya ile ya Februari. Hii ina mistari miwili safi, imekatana katikati kabisa. Na barua yenyewe haina utani hata mmoja, hukuniuliza kama ninakula. Nakupigia simu hupokei. Nimempigia Mgeni, kasema "ongea na mama yako", akaanza kulia.

Nani kaandika hii X?

Hodi, Mama.

Naila


Mapinga, 5 Julai 2024

Karibu, mwanangu.

Nimeiandika mimi. Adila hatunaye. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kifafa kilimshika alfajiri ya siku waliyokuja kuvunja jiko, kikagoma kumwachia. Tulimkimbiza hospitali, akanifia mapajani njiani. Tulimzika baada ya alasiri. Wajomba zako wakasema mtoto yuko ugenini peke yake, ana mtihani, asiambiwe kwanza. Nami nikakubali.

Ile X niliirudia karatasi kwa karatasi. Nilijaribu kuutetemesha mkono, ukakataa. Mkono wa kushona kofia huu, Naila, haujui kupinda.

Mtihani fanya. Fundi rangi huyo mtafute, wapo akina mama wengine wanaongoja. Lakini njoo kwanza unione. Kila asubuhi naamka kidole kimeshanyooka, sina pa kupiga hodi.

Mama yako
na Adila: